GHALA LA WAZEE: Silabi Iliyopotea

Sahihi ilikuwa yake!

Hapo ndipo nilipowaacha Jumamosi iliyopita, na simu yangu haijapumzika tangu siku hiyo. Wengine mmesema Kaanaeli kahongwa. Msomaji mmoja wa Elerai kaniandikia kwa herufi kubwa tupu kwamba mama huyu ni msaliti, nimtoe kwenye hadithi. Kaka, kaa kitako kwanza. Utamhukumuje mtu hujamsikiliza?

Kwa aliyechelewa kuingia: Kaanaeli ni mwalimu mstaafu wa Akeri na katibu wa Kamati ya Majengo ya Kale. Kamati hiyo haina gari wala askari. Ina wajumbe saba, daftari moja na muhuri. Hukagua nyumba za zamani za mji, hukaa kikao, huandika ushauri, na bila ushauri huo hakuna kibali cha kubomoa.

Asubuhi hii ya Alhamisi, saa mbili, Kaanaeli amejitupa mbele ya katapila lililokuja kuliangusha Ghala la Wazee, ghala la kahawa lililojengwa kwa mawe na wakulima wa zamani, babu yake akiwemo. Ameapa mbele ya umati kwamba kamati haijaruhusu. Dereva akamshushia karatasi ya kamati. Chini ya karatasi, kwa wino wa buluu, kuna sahihi yake mwenyewe.

"Mama, hii si ya kwako?" aliuliza dereva, kijana wa Kiarusha aitwaye Lesian. Aliuliza kwa aibu, macho chini, maana alikuwa amemwamkia shikamoo dakika tano tu zilizopita.

"Ni ya kwangu."

Umati ukaguna. Mwanamke mmoja akasema kwa sauti, "Kumbe!" Hilo kumbe lilimkata Kaanaeli maini.

Alivaa miwani. Akasoma kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka akafika penyewe: *Kamati kwa kauli moja imeshauri kwamba Ghala la Wazee libomolewe.*

Akasoma tena. Akasoma mara ya tatu.

"Li-SI-bomolewe!" alipiga ukelele. "Tulisema lisibomolewe! *Si* iko wapi? Nani kaila *si* hapa?"

"Maza, mimi nafuata kilichoandikwa," alisema Lesian.

"Na kilichoandikwa ni libomolewe," alidakia Romanus, msimamizi wa kazi, mwanamume mnene mwenye kofia ngumu ya njano na simu mbili mkononi. Alikuwa ametumwa na tajiri anayetaka kujenga hoteli hapo. "Mama, Kiswahili chako kafundishie shuleni. Hapa pana kibali, pana muhuri, pana sahihi yako. Tupishe tufanye kazi."

Kaanaeli aliishusha karatasi. Alikuwa amekumbuka.

Wewe msomaji, kama umewahi kuwa mjumbe wa kamati yoyote katika nchi hii, ya shule, ya maji, ya kanisa, hata ya harusi, unalijua lile neno. Ajenda ya pili, muhtasari wa kikao kilichopita. Kila mtu anatakiwa ausome. Hakuna aliyeusoma. Halafu mtu mmoja anajikohoza, anasema, "Mwenyekiti, napendekeza uchukuliwe kwamba umesomwa." Wote wanaitikia, "Naafiki!" Basi. Umepita.

Na mwezi uliopita, nani alijikohoza? Yeye! Mvua ilikuwa inapiga bati, chai ilikuwa imeshamiminwa, na yeye alikuwa anawahi mazoezi ya kwaya Akeri. Alisaini kurasa tano huku amesimama, mkoba begani.

Hasira yake ya kwanza ilikuwa juu yake mwenyewe. Miaka thelathini na mbili ameshika chaki! Amewakata watoto wa watu alama kwa kutorudia kusoma majibu yao. Amewaambia wazazi wao, mtoto huyu ana haraka, hatafika. Alitamani ajizabe kofi palepale mbele ya watu.

Hasira ya pili ilikuja nyuma yake, na hiyo ilikuwa kubwa zaidi. Silabi haina miguu. Haiwezi kutoka yenyewe kwenye karatasi.

"Romanus," alisema, na sauti yake ilikuwa imetulia kwa namna ambayo wanafunzi wake wa zamani wangeikimbia. "Muhtasari unarekebishwa na kikao. Kikao cha kamati yetu ni popote wanapokaa wajumbe wanne kati ya saba, mmoja wao akiwa mwenyekiti. Haijaandikwa popote kwamba lazima pawe na meza. Naitisha kikao. Hapa hapa uani."

Romanus alicheka. Aliwatazama watu, akaona simu zimeshainuliwa zinarekodi. Akaacha kucheka.

"Saa tatu kamili," alisema. "Ikigonga, nabomoa. Usiniongezee hata dakika."

Kaanaeli alipiga simu mpaka kidole kikamuuma.

Wajumbe watatu hawakupatikana: mmoja yuko Dar, mmoja kalazwa, mmoja simu imezimwa. Nosim, mjumbe wa wafanyabiashara, aliacha ndoo zake za maziwa soko la Kilombero na kuja na aproni yake. Mzee Yiamat, mjumbe mwingine, alishuka kwa bodaboda kutoka Olmotonyi, fimbo mkononi, matope mpaka magotini.

"Nilikuwa namkamua ng'ombe," alisema. "Nimemwacha ananiangalia tu. Nani anabomoa?"

Kaanaeli alimwonyesha katapila lililokuwa linanguruma. Yiamat hakwenda kwa Romanus. Alikwenda moja kwa moja mpaka chini ya kiti cha dereva, akagonga chuma kwa fimbo.

"Ero, kijana! Wewe ni wa nani?"

Lesian aliinamisha kichwa ili mzee amguse, kama alivyolelewa. "Wa Lekishon, baba."

"Lekishon yupi? Yule wa pale juu ya chuo cha misitu?"

"Ndiye."

"Mimi na Lekishon tumetahiriwa msimu mmoja. Kwa hiyo mimi ni baba yako. Sasa baba yako atakaa kikao hapa mbele ya chuma chako. Utamkanyaga?"

Lesian alizima injini. Akashuka, akaenda kusimama mbali kabisa, karibu na lango, mikono mfukoni.

"Wewe! Rudi!" alifoka Romanus. "Rudi hapo juu!"

"Bosi, yule ni mzee wangu," alijibu Lesian. "Kama ni kazi, chukua kazi yako."

Watu wakapiga makofi. Kaanaeli hakupiga. Alikuwa anahesabu vichwa. Yeye, Nosim, Yiamat. Watatu. Saa mbili na dakika thelathini na tano. Amebaki mwenyekiti peke yake.

Na hapo gari dogo jeupe likaingia langoni. Mzee Philemoni akashuka, suti ya kijivu, kofia mkononi, mzee wa kanisa aliyeongoza kamati hii miaka tisa. Kaanaeli karibu alie kwa furaha.

"Shikamoo, Mzee Mwenyekiti! Afadhali umefika!"

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia. Tutulie, tufuate utaratibu."

Philemoni alifungua kikao kwa sala. Na sala za Mzee Philemoni mnazijua ninyi mliofuatilia: aliwaombea wajumbe, akawaombea viongozi, akawaombea wagonjwa, akaombea mvua kutoka Momela mpaka Monduli. Kaanaeli alifumba jicho moja, lingine liko kwenye saa.

"Amina," alisema Philemoni saa mbili na dakika arobaini na nne. "Akidi imetimia, tuko wanne. Katibu, karibu."

"Mwenyekiti, ajenda ni moja. Ukurasa wa tatu, mstari wa sita. Tulishauri ghala lisibomolewe. Imeandikwa libomolewe. Naomba irudishwe *si*."

"Naafiki," alisema Nosim kabla hata sentensi haijaisha.

"Naafiki," alisema Yiamat. "Mimi mwenyewe niliongea siku ile. Nilisema mawe haya yalishushwa na punda na vichwa vya mama zetu, Wameru na sisi majirani zao, wakati huo kahawa ya mkulima haina pa kulala. Mtu anayesema hivyo anaweza kusema libomolewe?"

Wote wakamgeukia mwenyekiti. Ilikuwa imebaki aseme tu kwamba imepita, asaini, na Romanus apakie chuma chake.

Philemoni alitoa leso, akafuta paji la uso.

"Mimi," alisema, "sikumbuki hivyo."

"Nini?"

"Nakumbuka tulijadiliana kwa kirefu. Jengo limechakaa. Bati limeoza. Nakumbuka tulikubaliana libomolewe."

Nosim aliruka. "Mzee! Wewe ndiye uliyefunga hoja! Ulisema, 'Basi jengo letu limepona.' Nikapiga na kigelegele!"

"Mama Nosim, umri wako na wangu, nani ana kumbukumbu?"

"Mwenye ukweli!"

Kaanaeli alimgeukia mzee. Huyu ndiye aliyemfundisha kuandika muhtasari. Huyu alisimamia ndoa ya binti yake. Alimtazama usoni, na mzee akatazama pembeni.

Hapo ndipo binti mmoja alipoingia akikimbia, viatu mkononi, bahasha kifuani. Alikuwa Brenda, mchapaji wa kamati. Kaanaeli alikuwa amempigia alete daftari la kikao.

"Mama, nimeleta," alihema. "Daftari lako linasema lisibomolewe. Na mimi nilichapa lisibomolewe. Naapa kwa Mungu."

"Sasa ikatoka vipi?"

Brenda alimwona Philemoni. Akanywea.

"Sema, mwanangu," alisema Kaanaeli. "Leo hakuna wa kumwogopa hapa."

"Mwenyekiti alinipigia simu jioni ile, baada ya kuchapa. Aliniambia kuna kosa ukurasa wa tatu. Akasema, 'Brenda, wewe umekulia Dar, Kiswahili cha vikao hukijui. Ondoa hiyo *si*, imerudiwa.' Nikaona ni mzee, anajua. Nikaitoa." Akaanza kulia. "Mama, mimi nilidhani ni kosa la uchapaji!"

Uani kukalipuka. "Mwizi!" alipiga kelele mtu kutoka langoni. Yiamat aliinua fimbo, Nosim akamshika mkono. Romanus aliangalia saa na kutabasamu.

Na Kaanaeli? Kaanaeli alimsogelea mwenyekiti. Miaka tisa! Miaka tisa amembebea mzee huyu faili, amemtafutia kiti, amempa chai kwanza kabla ya wote. Naye akaenda kumgeuza binti wa watu kisu cha kukatia neno!

"Mzee Philemoni," alisema, na hakumwita mwenyekiti. "Kwa nini?"

"Tufuate utaratibu."

"Nakuuliza kwa nini!"

"Katibu, unapiga kelele kikaoni."

"Ndiyo, napiga! Nitapiga mpaka wasikie walioko kileleni Meru! Umenifanya niue nyumba ya babu yangu kwa mkono wangu! Basi na tupige kura. Wanaokubali *si* irudishwe, wanyooshe mikono!"

Mkono wa Nosim ukapanda. Wa Yiamat ukapanda, na fimbo yake. Kaanaeli akainua wa kwake. Watatu kwa mmoja. Imepita!

Haikupita. Maana kabla mkono wa Kaanaeli haujanyooka, Philemoni alifanya jambo dogo sana. Uani palikuwa na kamba ya plastiki, nyekundu na nyeupe, ya kuzungushia eneo la kazi. Mzee aliinua mguu wa kulia, akaivuka. Akainua wa kushoto, akauvusha. Akasimama upande wa pili, kofia kifuani.

"Nimetoka kikaoni," alisema. "Mko watatu. Akidi haipo. Kura yenu ni maongezi tu."

Enhe, wewe wa Elerai, upo? Unamwona msaliti sasa?

"Saa tatu!" alitangaza Romanus.

Yiamat na Nosim wakaanza kumzomea Philemoni. Brenda akawa anampigia simu mtu wa ofisi ya ujenzi, haipokelewi. Kaanaeli alisimama katikati ya kelele zile na kuona wazi kwamba maneno yamekwisha. Karatasi imekwisha. Kilichobaki ni mawe, na yeye.

Aliingiza mkono kwenye mkoba. Katibu ndiye hutunza ufunguo wa ghala kwa ajili ya ukaguzi. Alitembea haraka, akafungua mlango mkubwa, akaingia, akashusha komeo la chuma kwa ndani. Kwaaa!

"Mwenyekiti!" alipaza sauti nyuma ya mbao. "Kikao hakijafungwa! Sala ya kufunga haijasaliwa! Nitakaa humu mpaka ifungwe!"

Nje watu wakashangilia. Alisikia Yiamat na Nosim wanakuja kuketi mlangoni, migongo yao imeegemea mbao. "Wapite juu yetu!" Nosim alisema. Kaanaeli alicheka, kisha machozi yakamtoka, kisha akayafuta kwa kitambaa cha kichwa. Hakuwa na muda wa kulia.

Ghala ni refu. Kutoka mlangoni mpaka ukuta wa mwisho ni hatua arobaini, na ukuta huo ndio wa majina: kila familia iliyoleta mawe ilichonga jina lake juu ya jiwe moja. Alikwenda huko kwa sababu jina la babu yake liko huko, na mtu mwenye hasira na woga hutafuta wa kwake. ELINIPA, AKERI. Aliligusa.

Jua la asubuhi lilikuwa linaingia kwa dirisha dogo la pembeni na kulamba ukuta kwa ubavu. Kaanaeli hakuwahi kuuona ukuta huo kwa mwanga ule. Ukaguzi wa kamati hufanyika alasiri, baada ya chakula, na mwenyekiti ndiye hupanga saa.

Chini ya jina la babu yake kulikuwa na jiwe lililokwanguliwa. Hilo alilijua, kila mtu analijua. Baba yake alimweleza zamani: mwaka mmoja wa njaa, mkulima mmoja aliyekuwa na ufunguo wa ghala alitoa kahawa ya wenzake kwa siri na kuipeleka kwa mlanguzi. Watoto walilala na njaa, mmoja hakuamka. Wazee walikwangua jina lake na kuapa kutolitaja kamwe. Wakafa nalo.

Lakini patasi ilikwangua juu juu. Kwa mwanga wa ubavuni, mashimo ya herufi yalibaki na kivuli.

S. Kisha I. Kisha F.

Kaanaeli alisogeza uso mpaka pua ikakaribia jiwe. A. E. L. I. SIFAELI, na chini yake kijiji.

Alijua jina hilo. Ameliandika kwa mkono wake kila mwezi, miaka tisa, juu kabisa ya kila muhtasari, mahali pa waliohudhuria: *Philemoni Sifaeli, Mwenyekiti.*

Jina la baba yake Philemoni!

Vyote vikapangika. Mara ngapi mzee huyu alipendekeza ukuta wa mwisho upigwe lipu, "upendeze"? Mara ngapi wajumbe walimkatalia kwamba lipu itaua historia? Alikaa kwenye kiti cha mwenyekiti miaka yote hiyo akiuzuia mji usilione jiwe hilo moja. Sasa amezeeka, na anataka kuondoka na ghala zima.

"Mzee wewe," alisema Kaanaeli kwa sauti, peke yake. "Ungetuambia tu! Nani angekuhukumu kwa kosa la baba yako? Tungelia pamoja, yangeisha!"

Na hasira ikarudi mara mbili, kwa ajili ya yule mtoto aliyelala na njaa, kwa ajili ya Brenda anayelia uani, kwa ajili ya silabi yake.

Injini ikawaka.

Kaanaeli alishtuka. Lesian? Alipanda juu ya gunia kuukuu, akachungulia dirishani. Lesian alikuwa kule langoni, anapunga mikono na kupiga kelele. Aliyekaa kwenye kiti cha katapila alikuwa Romanus mwenyewe, kofia ya njano imekaa upande, anavuta vyuma asivyovijua vizuri. Mkono wa katapila ulipanda, ukashuka, ukapanda tena.

Liliuelekea mlango. Nosim na Yiamat hawakuinuka. Likasimama mita tatu mbele yao, likinguruma. Romanus hakuwa na la kufanya mbele ya watu wawili walioketi na simu hamsini zinazorekodi. Kaanaeli alishusha pumzi.

Ndipo akamwona Philemoni. Mzee alikuwa amesimama peke yake upande huu wa ghala, hatua chache kutoka dirishani, na hakujua kwamba anatazamwa. Wote walidhani Kaanaeli yuko nyuma ya mlango, alikokuwa akipiga kelele. Uso wa mzee ulikuwa umelowa machozi. Polepole aliinua mkono wa kulia.

"Anamsimamisha," Kaanaeli alinong'ona. "Asante, Mungu. Anamsimamisha."

Romanus aliuona mkono ule, akapunguza mngurumo, akasubiri.

Mkono wa Philemoni ulipinda. Kidole kikanyooka, kikauonyesha ukuta wa mwisho, ukuta wa majina, ukuta ambao Kaanaeli alikuwa ameuegemea kwa bega.

"Nipo huku!" alipiga ukelele. "Mzee Philemoni! Mimi nipo huku!"

Injini ikapanda juu ya sauti yake, na katapila likageuka.